Nimenunua kengele ya kanisa, sasa nasikia imeibwa: nifanye nini?

"Nina duka la vitu vya kale hapa Moshi mjini, mwaka wa sita sasa. Wiki tatu zilizopita kijana alikuja jioni na bajaji, ana kengele ya shaba nzito kama mfuko wa saruji, kikombe cha fedha chenye rangi ya dhahabu kwa ndani, na bangili mbili nyeupe kama mfupa. Alisema ni vitu vya marehemu babu yake huko mlimani, familia inauza ili kulipa deni la hospitali. Nilimpa 350,000 taslimu, tukaandikishana kwenye karatasi, mke wangu akawa shahidi. Jumapili nikasikia tangazo kwamba parokia moja ya huko juu imevunjiwa. Tangu siku hiyo silali. Kengele nimeifunika turubai stoo. Kuna mgeni Mjerumani aliiona kabla, akasema atatoa 1,500,000. Rafiki yangu mwenye duka Arusha anasema nimpelekee yeye. Mke wangu anasema nimtafute kijana nimrudishie vitu vyake, anirudishie hela. Naogopa nikienda polisi mimi ndiye nitakayelala ndani, na mimi sikuiba. Sheria inasemaje?"

Pole sana, ndugu. Nakujibu la haraka kwanza ili leo usifanye kosa. Usimrudishie kijana. Usimuuzie mgeni. Usipeleke chochote Arusha. Usisafishe kengele wala kikombe. Tafuta wakili leo au kesho asubuhi, kisha muende pamoja kutoa taarifa polisi, na polisi waje wachukue vitu vikiwa hapo hapo dukani. Bangili nazizungumzia peke yake huko mbele, maana zinanitia wasiwasi kuliko kengele.

Unachoogopa ni kuhesabiwa mwizi kwa kuwa mali ya wizi imekutwa kwako. Sheria haiendi hivyo moja kwa moja. Kosa linalokuhusu lipo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311 katika matoleo yaliyozoeleka (namba za vifungu huweza kubadilika toleo jipya likitoka, kwa hiyo wakili wako athibitishe). Linamgusa mtu anayepokea au kubaki na mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu inafika miaka 10 jela. Yasome maneno yale mawili polepole: kupokea, na kubaki nayo. Wenye maduka wengi hulijua la kwanza tu. Husema, "Siku nanunua sikujua," na wanaamini wamemaliza. Lakini mtu aliyenunua kwa moyo safi Jumatatu, akapata habari Jumapili, kisha akaendelea kuificha mali ile, anaweza kuingia kwenye kosa kwa hilo la pili. Siku uliyonunua bado unaweza kuieleza. Kinachokuweka hatarini zaidi ni siku hizi ulizokaa kimya na turubai juu ya kengele, na kila siku inayoongezeka inaudhoofisha utetezi wako.

"Sababu ya kuamini" haimaanishi uwe umeambiwa. Mahakama huangalia mazingira na kuuliza kama mtu mwenye akili zake, tena mfanyabiashara wa vitu hivi, angeshtuka. Bei iliyo chini mno. Muuzaji anayekuja giza linaingia. Hadithi inayobadilika ukiuliza mara ya pili. Skrubu zilizong'olewa kwa nguvu, bawaba iliyokatwa msumeno na chuma bado kinang'aa penye mkato, maandishi yaliyokwanguliwa. Wewe unajua kengele ya ukubwa ule hufungwa wapi. Nyumba ya kawaida kule mlimani haina kengele ya kilo 50. Na kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu ndani tu, ndani ya miaka sita ya kazi hii, bila shaka umewahi kusikia kinaitwa kalisi, yaani kikombe cha divai ya misa. Sisemi haya kukulaumu. Haya ndiyo maswali ambayo mpelelezi atakuuliza, na ni afadhali uyasikie kwangu kwanza.

Bei nayo ataiweka mezani. Kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa ni biashara, si kosa. Lakini pima kengele ilivyo, zidisha kilo kwa bei ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu wa Moshi walikuwa wakitoa kwa shaba wiki ile, kisha linganisha na ulicholipa. Kama vitu vyote ulivipata kwa chini ya thamani ya shaba peke yake, mwambie wakili wako hilo mapema. Asilisikie kwa mara ya kwanza mbele ya mpelelezi.

Kuna kanuni ya pili, ambayo Mahakama ya Rufani imeirudia katika hukumu nyingi, ya kukutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni. Mtu akikutwa na mali hiyo, mahakama inaruhusiwa kudhani kwamba ama ameiba ama amepokea akijua, asipotoa maelezo yanayoaminika. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mali ilikutwa kwa mtuhumiwa, kwamba ni ya mlalamikaji bila shaka yoyote, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. "Karibuni" hutegemea kitu chenyewe. Simu hupita mikono minne kwa siku mbili, kwa hiyo muda wake ni mfupi. Kengele ya kanisa haizunguki hivyo, na wiki tatu kwake ni kama jana. Ila dhana hii inavunjika kwa maelezo ya kweli yanayoeleweka. Hutakiwi kuthibitisha kwamba hukuiba. Unatakiwa kueleza ulivyoipata, na maelezo yanayotolewa mapema, kabla polisi hawajabisha hodi, yana uzito ambao maelezo ya kizimbani hayana.

Sasa karatasi mliyoandikishana. Wengi huamini kwamba karatasi yenye sahihi, au mkataba uliogongwa muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, unaifanya mali kuwa yao. Haufanyi hivyo. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mtu hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwizi hana umiliki, kwa hiyo hakuna umiliki aliokuuzia, hata kama ulilipa bei kamili mbele ya mashahidi kumi. Mali inabaki ya mwenyewe. Ingekuwa tofauti kidogo kama mwenye mali alitapeliwa akamuuzia tapeli kwa hiari yake, nawe ukanunua kwa nia njema kabla mauzo yale hayajatenguliwa. Hapo sheria inaweza kukulinda. Kuvunja mlango wa sakristia, chumba cha kanisa kinachotunza vyombo vya ibada, usiku hakumo katika hilo. Karatasi yako ni ushahidi wa nia yako, basi, nao ni ushahidi mzuri. Itunze. Shahidi wake kuwa mke wako kunaipunguza nguvu kidogo tu.

Na hata kama kijana hakuiba kanisani, hadithi aliyokupa inaonyesha hakuwa na haki ya kuuza. Vitu vya marehemu vinauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo na mjukuu. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kuelekea mahakamani, lakini peke yake haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Kwa maduka ya vitu vya kale ya Kilimanjaro nadhani hili ndilo shimo kubwa kuliko wizi wa usiku. Mzee anafariki, nyumba ya kihamba, shamba la ukoo, inabaki na bibi mmoja, vijana wa mjini wanapanda wikiendi na kushuka na saa ya ukutani, cherehani, redio ya mbao na kigoda cha babu. Miezi sita baadaye shangazi anakuja dukani kwako na picha ya familia, na kigoda kile kinaonekana nyuma ya harusi. Mtu akikwambia "ni vya marehemu," jibu liwe moja: naomba kuona barua ya usimamizi.

Ushauri wa mke wako unatoka kwenye moyo mzuri, lakini ni wa hatari. Ukimrudishia kijana, umekabidhi mali unayoshuku ni ya wizi kwa mtu unayemshuku kuwa mwizi, na mwenye mali huenda asiione tena. Kwa macho ya sheria hiyo inaweza kuonekana kama kumsaidia mhalifu baada ya kosa. Pia umepoteza kielelezo kinachothibitisha kwamba hukuwa na cha kuficha. Halafu kijana akikamatwa kwa jambo jingine atakutaja, nawe huna kengele, huna hela, una karatasi tu.

Kumpelekea rafiki wa Arusha au kumuuzia mgeni ni kubaya zaidi, kwa sababu safari hii utakuwa unauza ukiwa umeshasikia. Tena kubeba kengele barabarani kuna hatari yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inawapa polisi uwezo wa kusimamisha na kupekua gari, na Kanuni ya Adhabu inamtaka anayekutwa akisafirisha kitu kinachoshukiwa kuwa cha wizi aieleze mahakama alivyokipata. Kizuizi chochote cha barabara ya Arusha kinaweza kuwa mwisho wa safari. Ndiyo maana sikushauri uipakie kwenye pikapu hata kama unakwenda nayo polisi.

Wengine hufikiria kuirudisha kimya kimya, kuiacha usiku kwenye geti la parokia. Naelewa kwa nini. Lakini haibaki kumbukumbu yoyote kwamba wewe ndiye uliyerudisha, na ukionekana unashusha kengele gizani, utamweleza nani? Hata kumtumia paroko picha uulize "ni hii?" si vizuri kwa sasa. Mwenye mali anatakiwa aieleze kwanza kwa maneno yake, ataje nyufa, maandishi, mahali ulimi wa kengele ulipolika, kisha ndipo aonyeshwe. Akiona picha yako kabla, utambuzi wake utashambuliwa mahakamani na mwizi anaweza kupona. Na usidai kamwe kurudishiwa 350,000 kwanza ndipo utoe mali. Hilo litasikika kama kulilipisha kanisa fidia ya mateka.

Basi fanya hivi. Leo, bila kuisogeza kengele mbali, ondoa turubai. Mahali unapofunga kwa ufunguo panatosha. Stoo yako inafaa kama ina kitasa. Bandika karatasi yenye tarehe: "Haiuzwi, inasubiri polisi." Tofauti ya kuficha na kutenga ni hiyo karatasi na taarifa inayofuata. Piga picha kila upande, weka rula au futi pembeni ili ukubwa uonekane. Andika kipenyo cha mdomo na kimo kwa sentimita. Tafuta maandishi yaliyosubiwa kwenye bega au kiunoni mwa kengele: mara nyingi pana jina la kiwanda, mwaka, jina la mtakatifu au mfadhili. Kikombe kigeuze utazame chini ya kitako. Kalisi nyingi huchongwa jina la padre na tarehe ya upadrisho wake. Fedha ya Ujerumani ya tangu 1888 hupigwa alama ya mwezi mwandamo na taji, pamoja na namba kama 800. Tumia glavu au kitambaa safi, na usipake Brasso hata tone. Ung'arishaji unafuta alama za vidole na ule mkwaruzo mdogo ambao katekista angeutambua.

Kisha andika ukurasa mmoja, kwa mkono wako, ukiwa bado unakumbuka: siku, saa, kijana alivyovaa, alivyoongea, rangi na namba ya bajaji kama uliiona, namba ya simu aliyokupa, maneno yake kuhusu babu, noti ulizompa, nani alikuwepo. Andika pia siku na saa uliyosikia tangazo, na kwa nini hukwenda siku ile ile. "Niliogopa" ni jibu la kweli na linaeleweka. Usibadilishe tarehe yoyote, na usiongeze kitu kwenye ile karatasi ya mauziano. Karatasi iliyochakachuliwa huangusha hata yale ya kweli yaliyo ndani yake.

Kwenda polisi si hiari tu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka mtu anayejua kwamba kosa la jinai limetendeka atoe taarifa mara moja kwa polisi au kwa mwenye mamlaka katika eneo lake. Wakili aambatane nawe kwa mkuu wa kituo. Eleza kwa ufupi, omba taarifa iandikwe, chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Omba askari waje dukani wachukue vitu. Wanapochukua, uwepo wewe na shahidi huru, kwa mfano mwenyekiti wa mtaa au jirani mwenye duka. Sheria inataka mali inayokamatwa iandikiwe hati ya ukamataji, isainiwe na mwenye eneo na mashahidi. Soma kabla ya kusaini. "Kengele moja" haitoshi. Iandikwe vipimo, maandishi na kasoro zake. Piga picha hati hiyo.

Je, watakuweka ndani? Siwezi kukuahidi kwamba haitatokea. Mpelelezi anaweza kukuchukulia kama shahidi, au kama mtuhumiwa mpaka kijana apatikane. Uliza waziwazi: "Naandika maelezo ya shahidi au maelezo ya onyo?" Kama ni ya onyo, yaani ya mtuhumiwa, una haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa kukuhoji ni saa 4 tangu uwe chini ya ulinzi, nao una utaratibu wake wa kuongezwa. Kosa la kupokea mali ya wizi lina dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi. Andaa mdhamini mmoja au wawili wenye vitambulisho wakae karibu na simu. Nikiweka kwenye mizani, saa chache za usumbufu ukiwa umekwenda kwa miguu yako, na upekuzi wa ghafla wanaokuta kengele chini ya turubai, sioni ugumu wa kuchagua.

Sasa bangili. Kama ni mfupa wa ng'ombe, ni biashara ya kawaida. Kama ni pembe ya tembo, hatuzungumzii tena mali ya wizi. Ni nyara ya Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Huko mwenye mali ni Serikali, hakuna cha "ni ya zamani" wala "bibi alivaa tangu ukoloni," na kuwa nayo bila kibali ndilo kosa lenyewe. Kesi hizi huendeshwa kama uhujumu uchumi, na mahakama zetu zimekuwa zikitoa vifungo vya miaka 20 kwa meno ya tembo. Ukitazama mahali palipokatwa kwa kioo cha kukuzia, pembe huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu, na mfupa huonyesha vidoa na mifereji midogo palipopita mishipa ya damu. Lakini usijifanye maabara, wala usiichome sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri. Utambuzi ni kazi ya maofisa wa wanyamapori. Usizibebe mfukoni, usizipeleke kwa sonara "akuangalie", usimpe mtu akuwekee. Ziache zilipo, umwambie wakili kabla ya jambo jingine lolote, na yeye apange namna zitakavyotolewa taarifa kwa polisi au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Hapa ndipo nasema bila kusita kwamba usiende peke yako. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako.

Fedha zako 350,000 haziko salama, na nisingependa nikudanganye. Unayemdai ni kijana, kwa sababu kila muuzaji anahesabiwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza. Unaweza kumshtaki Mahakama ya Mwanzo kwa kiasi hicho, au akitiwa hatiani mahakama ya jinai ina uwezo wa kumwamuru alipe fidia. Mwombe mwendesha mashtaka mapema, kwa maandishi, alikumbuke ombi hilo. Kanisa huwezi kulidai chochote.

Na mgeni Mjerumani? Mwambie haiuzwi, basi. Nataja hili kwa sababu ya kitu kingine unachopaswa kukijua kwa duka zima. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940, na vifaa vya jadi vilivyotengenezwa nchini kwa shughuli za kijamii au za kiutamaduni hata vya baada ya 1863. Vinyago vya kisasa vinavyochongwa kwa ajili ya kuuzia watalii havimo. Vilivyolindwa haviuzwi, havibadilishwi wala havitoki nchini bila kibali. Kengele iliyosubiwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 huenda isiangukie humo, ila kigoda cha mangi, chifu wa Kichaga, au vifaa vya matambiko vinaweza. Ukiwa na kitu cha aina hiyo usingoje mpakani Namanga au uwanja wa ndege wa KIA wakuambie. Uliza Idara ya Mambo ya Kale, au anza na Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Wajerumani, Arusha, wakuelekeze. Pia Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha Haramu, Sura ya 423, inawahesabu wauzaji wa kazi za sanaa, vito na madini ya thamani kuwa watu wenye wajibu wa kutoa taarifa za miamala ya kushukiwa ndani ya saa 24, na inakataza kumtonya mhusika. Muulize wakili kama biashara yako inaangukia humo.

Yakipita haya, fungua daftari kubwa lenye kurasa zilizopigwa namba, siyo karatasi za kunyofoa. Kila kitu unachonunua kiandikiwe tarehe na saa, maelezo na vipimo, alama zake, bei, jina la muuzaji, namba ya NIDA iliyosomwa kwenye kitambulisho chenyewe, simu, mahali anapokaa, na maneno yake mwenyewe kuhusu alikokipata. Piga simu ile hapo hapo uone ikiita mfukoni mwake. Lipa kwa simu, siyo taslimu, na hakikisha jina linalotokea ni lile la kwenye kitambulisho. Mtu anayekataa kulipwa kwa simu amekuokolea hela zako. Usinunue kwa aliye chini ya miaka 18. Vitu vya kanisa, msikiti au shule usinunue bila barua yenye muhuri wa taasisi, tena upige simu kwenye ofisi ya jimbo au dayosisi kuihakiki, kwa maana mali hizo kwa kawaida ziko chini ya wadhamini na katekista au mzee wa kanisa hawezi kuziuza kwa sahihi yake. Hivyo hivyo taa, kengele na vibao vya shaba vyenye herufi za shirika la reli. Kitu cha thamani kikae siku 14 kabla ya kukiweka dirishani. Huo ni utaratibu wa kujiwekea mwenyewe, nao hutoa nafasi kwa aliyeibiwa kuanza kuulizia. Daftari lihifadhi miaka 10. Kwa kuwa lina taarifa za watu, lifungie kabatini, na usipige picha vitambulisho ukavitupa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu pia.

Limebaki la kijana mwenyewe, maana anaweza kurudi kesho na kitu kingine. Usimfungie mlango, usimhoji, na tafadhali usipige kelele ya mwizi. Unajua barabara zetu: kabla polisi hawajafika mtu anaweza kuwa ameshauawa, pengine kwa kosa ambalo si lake. Mwambie leo hununui, mwache aondoke, angalia ameelekea wapi na amepanda chombo gani, kisha mpigie mpelelezi wako umtajie namba ya RB.